“Ina Kila Kitu”: Namna ya Kulisoma Tangazo la Yoti ya Kuvuka Bahari

Ukivuka daraja la Mtwapa ukatupa jicho majini, hukosi kuona milingoti ya yoti zilizotia nanga horini. Nyingine ni za starehe za wikendi, lakini kadhaa ni nyumba za watu. Wenyewe wamezileta kwa tanga kutoka Ulaya, Afrika Kusini au Australia, hukaa msimu mmoja au miwili, kisha hung'oa nanga. Mara kwa mara mmoja wao huchoka, au huugua, au hupata mjukuu huko kwao, na yoti ikaingia sokoni. Tangazo lake huja refu: futi 40, bodi ya faiba, mkuku wa risasi, matanga mapya, sola wati 600, betri za lithiamu, mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, otopailoti ya kushika usukani, AIS ya kuonana na meli, EPIRB ya kuomba msaada kwa setilaiti, boti ya mpira ya uokozi ya watu sita. Mwisho huwa na maneno yaleyale: ina kila kitu, tayari kuzunguka dunia.

Kijana wa Pwani anayetafuta kazi ya ubaharia kwenye yoti, mwenye hoteli anayetaka kupeleka wageni Pemba, hata mtu aliyechoshwa na kodi ya nyumba Nyali akaanza kuota kuishi majini, wote hupata taabu kulipima tangazo la namna hiyo. Vitu vimepangwa kama bidhaa kwenye rafu ya duka, kila kimoja na bei yake. Baharini kimoja hukitegemea kingine. Mashine ya maji inasubiri betri, betri inasubiri jua, jua halitoshi kwa sababu otopailoti inakula usiku kucha, na otopailoti inakula sana kwa sababu nahodha hakupunguza tanga mapema. Ndiyo maana yoti mbili zenye orodha ileile zinaweza kuwa moja ya kwenda Shelisheli na nyingine ya kupigia picha harusi.

Tuanzie chini ya maji, mahali ambapo tangazo huwa fupi kuliko kwingine kote.

Uzito unaoning'inia

Jahazi hupata uthabiti wake kwa shehena, na likienda tupu hutiwa farumi ya mawe au mchanga ndani ya ngama. Yoti ya bahari kuu haisubiri shehena. Kwenye yoti ya futi 40 yenye tani 10 hivi, tani tatu na nusu hadi nne ni risasi au chuma kilichofungwa nje ya bodi, chini kabisa, karibu mita 2 chini ya maji. Huo ndio mkuku. Upepo ukiilaza ubavu, uzito huo huivuta irudi wima, na kadiri inavyolala ndivyo mvuto unavyozidi. Hata wimbi likiipindua juu chini, yoti iliyoundwa kwa ajili ya bahari kuu hujigeuza ikasimama tena, ingawa pengine mlingoti utakuwa umekwenda.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini baada ya mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979, kati ya Uingereza na Ayalandi. Zilianza yoti 303, dhoruba ikazikuta njiani, na washindani 15 wakafa. Yoti 24 ziliachwa na watu wake, wengine wakakimbilia boti za mpira za uokozi. Katika hizo 24, zilizozama ni 5 tu. Zilizobaki zilikutwa baadaye zikielea zenyewe, huku baadhi ya waliozikimbia wamepoteza maisha. Tangu hapo mabaharia wa matanga hufundishana kwamba boti ya mpira huingiwa pale tu ambapo chombo chenyewe kinazama miguuni mwako. Kwa hiyo mtu anayekusifia boti ya uokozi kabla ya kukuonyesha mkuku ameanza mwisho wa hadithi.

Mkuku wenyewe hufungwa kwa boliti nene zinazopenya sakafu ya boti. Fungua mbao za sakafu uzitazame. Mstari wa kutu pale chuma kinapokutana na faiba ni dalili ya maji kupenya kwenye maungio. Halafu nenda sehemu ya nyuma ya mkuku, ndani, umulike kwa tochi. Yoti ikigonga mwamba kwa mbele, ncha ya chini ya mkuku husukumwa nyuma, na kisigino chake hupanda juu kikasukuma sakafu ya boti. Nyufa nyembamba za faiba mahali hapo, hata zikiwa zimepakwa rangi mpya, zinaeleza safari ambayo muuzaji hakuisimulia. Pwani yetu, yenye mwamba unaoandamana na ufuo na milango michache ya kupitia, safari kama hizo si haba.

Kuhusu kasi, maelezo ni mafupi. Urefu wa bodi kwenye mstari wa maji ndio unaoweka mpaka. Mita 11 za mstari wa maji hutoa takriban noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa, kila maili ikiwa mita 1,852. Kwa wastani wa siku nyingi, watu wawili wasiotaka kujiua kwa kazi hupata noti 5 au 6, sawa na maili 120 hadi 145 kwa siku nzima. Kutoka Mombasa hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni karibu maili 950. Kwenye karatasi ni siku saba, lakini upepo haufuati karatasi, na tutalifikia hilo.

Mlingoti na waya zake

Tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia mlingotini, na kuligeuza upande mwingine wa mlingoti ni kazi ya watu wenye misuli na nahodha mwenye sauti. Tanga kuu la yoti limeshikwa na mlingoti wenyewe pamoja na mti wa chini. Ukigeuza omo, yaani mbele ya boti, kupita kwenye upepo, tanga huhama lenyewe, na mtu mmoja aweza kupiga bisha (kupanda upepo kwa mshazari, huku na huku) usiku mzima huku mwenzake amelala. Tanga la mbele nalo hujiviringisha kwenye waya wake kwa kuvuta kamba moja ukiwa umekaa nyuma, kwenye usukani. Raha hiyo ndiyo inayowawezesha wazee wawili kuvuka bahari ambazo zamani zilidai mabaharia kumi.

Gharama yake ni kwamba mlingoti wa mita 18 unasimama kwa kushikwa na waya kumi hivi za stenlesi, na kwa nyingi kati yake, mmoja tu ukikatika mlingoti unaweza kuanguka. Waya hizo huchoka kwa ndani. Mafundi wengi hushauri zibadilishwe kila baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa joto na chumvi ya Mombasa mimi ningesogea kwenye 10. Tazama mwisho wa chini wa kila waya, pale inapoingia kwenye bomba dogo lililobanwa. Maji ya chumvi huteremka na kutuama humo. Pangusa kwa kitambaa, kisha tafuta vitu viwili: mchirizi wa kutu ya rangi ya chai unaotoka ndani ya bomba, na ufa mwembamba unaokwenda kwa urefu wake. Baadaye pitisha karatasi laini ya tishu juu ya waya wote. Ikinaswa, kuna uzi uliokatika. Waya mmoja wenye dalili hizo unatosha kupunguza bei kwa gharama ya seti nzima, maana zote zina umri mmoja.

Matanga “mapya” nayo yana mtihani wake. Nyuzi nne kusini mwa Ikweta jua huua uzi wa mshono kabla ya kitambaa. Kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika kirahisi, tanga hilo litafunguka siku ya kusi kali, ule upepo wa kusini, hata kama kitambaa bado kinalia kikikunjwa.

Na kwa kuwa tunazungumzia mlingoti, kabla ya kuingia hori lolote lenye daraja au nyaya za umeme zilizokatiza juu, iwe Tudor, Mtwapa au Kilifi, pata kwanza kimo cha kupitia maji yakiwa yamejaa. Mita 18 hazipitishwi kwa kubahatisha.

Hesabu ya umeme

Hapa ndipo matangazo mengi yanapoangukia, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Chukua yoti yetu yenye sola ya wati 600. Mombasa hupata jua lenye nguvu kamili kwa kama saa tano kwa siku, likichukuliwa kwa wastani. Wati 600 mara saa 5 ni 3,000, lakini punguza. Paneli huwa na joto, na paneli yenye joto hutoa kidogo. Kivuli cha mlingoti au cha waya moja tu kikipita juu ya paneli iliyounganishwa na nyingine kwa mfululizo hupunguza nguvu ya zote. Boti inayokwenda imelala ubavu haielekei jua vizuri. Ukipata asilimia 70 ya hesabu umepata vizuri, nayo ni wati-saa 2,100 kwa siku.

Sasa matumizi. Friji kwenye joto letu hula wati-saa 750. Mashine ya maji kwa lita 40, ikiwa ni ya kisasa inayorudisha nguvu ya msukumo wake, hula 200. Feni, simu, kompyuta na intaneti ya setilaiti ziwekee 500. Taa ya nanga ni kidogo mno, 40 hivi. Jumla ya yoti iliyotulia Mtwapa haifiki 1,500. Jua linaleta 2,100. Mwenye yoti yuko raha, na anapokuambia “sola inatosha kabisa, injini siwashi”, hasemi uongo.

Itoe yoti hiyohiyo nje ya mwamba. Otopailoti, yaani mota ya umeme inayozungusha usukani kwa kufuata dira, hula kama wati 40 kwa wastani, mchana na usiku: 950 kwa siku. Skrini ya ramani, kipimo cha kina, redio na AIS huchukua wati 25 bila kuzimwa: 600. Taa za safari za usiku: 60. Jumla imepanda hadi 3,000 na zaidi kidogo, na jua bado ni lilelile 2,100. Kila siku unadaiwa karibu wati-saa 1,000. Deni hilo utalilipa kwa kuwasha injini saa moja au zaidi, kuchoma dizeli ambayo hutaipata katikati ya bahari, na kukipasha joto chumba ambacho tayari ni tanuri.

Betri ndizo zinazoamua deni hilo linaumiza kiasi gani. Betri za risasi za Ah (ampea-saa) 400 kwa volti 12 zina wati-saa 4,800 kwenye kibandiko, lakini ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, kwa hiyo zako ni 2,400. Usiku mmoja wenye mawingu baada ya mchana wa mawingu unazimaliza. Lithiamu za ukubwa huohuo hutoa asilimia 80 bila kulalamika, kama 4,000. Ndiyo sababu zimeenea. Ila lithiamu hupokea umeme kwa pupa, na oltaneta ya injini, ile mashine inayozalisha umeme, ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya betri za risasi itajilazimisha kuijaza mpaka iungue, isipowekewa kidhibiti. Muulize muuzaji kidhibiti kiko wapi. Akikuonyesha waya mnene uliotoka oltaneta moja kwa moja hadi betri, andika gharama pembeni.

Kuna njia ya kulifuta deni lote ambayo haina hata waya mmoja. Mwaka 1960, kwenye mashindano ya kwanza ya mtu mmojammoja kuvuka Atlantiki, Mwingereza Blondie Hasler alikwenda na boti ndogo iitwayo Jester iliyofungwa usukani wa upepo aliousanifu mwenyewe. Bawa jepesi nyuma ya boti huelekezwa kwenye upepo. Boti ikikengeuka, upepo hulilaza bawa, nalo hugeuza ubao ulio majini. Mwendo wa maji huusukuma ubao huo pembeni kwa nguvu kubwa, na kamba zake huvuta usukani mpaka boti irudi njiani. Nguvu yote hutoka kwenye upepo na maji. Kadiri bahari inavyochafuka ndivyo unavyofanya kazi, hali otopailoti ya umeme ndivyo inavyozidi kula. Toa 950 kwenye 3,000 na ushee, ubaki na kama 2,100. Hesabu imekaa sawa bila kuongeza paneli hata moja.

Kwenye tangazo, usukani wa upepo mara nyingi huwa mstari mmoja karibu na mwisho, chini ya spika za muziki. Mimi ningeusoma kwanza.

Maji, na mashine ambayo huenda huihitaji

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Mashine ya kutoa chumvi huyasukuma kwenye utando kwa msukumo wa takriban baa 55, zaidi ya mara ishirini ya tairi la gari, na maji matamu hupenya tone kwa tone huku chumvi ikirudishwa baharini. Ni kifaa kizuri ajabu, na ni kifaa chenye deko. Mafuta huua utando, kwa hiyo haiwashwi ndani ya Kilindini wala karibu na gati lolote. Klorini nayo huua utando, kwa hiyo huwezi kuisafisha kwa maji ya mfereji bila chujio la mkaa. Ikikaa wiki bila kufanya kazi bila kusuuzwa, vijidudu huota ndani. Yoti iliyolala Mtwapa mwaka mzima ikiwa na mashine ambayo “ilikuwa ikifanya kazi vizuri” huenda ina kopo la kamasi lenye bei ya pikipiki.

Halafu fanya hesabu ya safari. Watu wawili wakijibana hutumia lita 20 kwa siku, kwa kunywa, kupika na kujisuuza chumvi mwilini, huku vyombo na miili ikioshwa kwa maji ya bahari. Tangi la lita 350 linawatosha siku 17. Shelisheli haifiki huko. Mashine ni ya kuishi, si ya kuvuka: ni ya yule anayetaka kukaa miezi kwenye visiwa visivyo na bomba. Anayevuka anahitaji matangi mawili yaliyotengana, ili moja likiingiwa na maji ya chumvi lingine libaki, na pampu ya mguu inayotoa maji hata betri zikifa. Pampu hiyo ni ya bei ndogo, na haitangazwi.

Nanga na bamvua

Anayeishi botini hulala juu ya nanga yake, na Mombasa ina jambo ambalo wageni waliotoka Karibi au Mediterania huwapata usiku wa kwanza: maji. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita tatu na nusu au zaidi. Kanuni ya kawaida ni kutoa mnyororo mara tano ya kina, kimo cha omo kikijumlishwa. Mtu akiingia Mtwapa maji yakiwa yamekupwa, kipimo kikasoma mita 5, ataongeza mita moja na nusu ya omo, azidishe kwa tano, atoe mita 32 na kwenda kulala. Saa sita baadaye kina ni mita 8 na nusu. Sasa anahitaji mita 50. Mnyororo wake umesimama wima mno, nanga inavutwa juu badala ya kuvutwa kwa ubavu, na boti inaanza kutembea polepole kuelekea mikokoni.

Mnyororo wa milimita 10 una uzito wa kilo 2.3 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 50 ni zaidi ya kilo 110 za chuma, na ndiyo sababu winchi ya nanga si anasa. Inakula umeme mwingi kwa dakika chache, karibu wati 1,000, kwa hiyo huwashwa injini ikiwa inazunguka.

Jambo jingine la maji yetu ni kwamba horini hayakai. Yanaingia mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku. Yoti yenye mkuku mrefu hufuata mkondo, mashua nyepesi isiyo na mkuku hufuata upepo, na zikiwa zimetia nanga jirani hugeukiana vibaya mkondo unapobadilika. Ukiona mgeni amejibanza katikati ya mashua za wavuvi, mwambie ahame kabla ya usiku. Wavuvi wenyewe watamwambia pia, kwa lugha isiyo na adabu sana.

Pepo ndizo kalenda

Vifaa vyote hivyo havibadilishi jambo moja ambalo manahodha wa majahazi walijua karne nyingi kabla ya faiba: kuna miezi ya kwenda na miezi ya kukaa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Ndiyo iliyoleta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi mpaka Bandari ya Zamani. Kusi huanza Aprili au Mei hadi Septemba, na ndiyo iliyowarudisha. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka kiasi kwamba majahazi yalikuwa yakipandishwa pwani, yakapakwa shahamu na chokaa, na watu wakangoja.

Juu ya pepo kuna mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambao mbele ya Mombasa huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unasukumwa na upepo na kufika noti 2, hata kupita. Yoti inayotaka kwenda Zanzibar mwezi wa Julai, kama maili 130 tu, itapiga bisha dhidi ya upepo huku mkondo ukiirudisha nyuma theluthi ya kila maili inayoipata. Siku hizo injini ya farasi 40 na tangi la dizeli ndivyo vifaa vya kwanza, na mtu mwenye akili huingoja Januari.

Shelisheli iko mashariki, na hapo pana mtego wake. Kaskazi hutoka upande wa kushoto wa omo, kusi hutoka upande wa kulia. Kwa vyovyote unakwenda huku upepo umekukaribia uso, boti imelala na kugonga mawimbi kwa siku nyingi. Kinachosaidia wakati wa kaskazi ni kwamba mkondo wetu hukutana na ule wa Somalia unaoteremka kusini, na yote miwili hukunja kuelekea mashariki. Nahodha anayeujua hupanda kwanza kuutafuta, kisha hubebwa. Kurudi wakati wa kusi ni neema: upepo uko ubavuni au nyuma, na siku saba za karatasi zinakuwa kweli.

Kuhusu vimbunga, ukaribu wetu na Ikweta umetulinda sana, na ndiyo moja ya sababu yoti za wageni hukimbilia hapa kati ya Novemba na Aprili, wakati Bahari ya Hindi ya kusini ina hatari. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na upepo wake ukahisiwa hadi kwetu. Nanga kubwa kuliko kipimo cha kitabu si woga.

Ulinzi dhidi ya maharamia nao ni suala la kalenda na njia, si la kifaa. Oktoba 2009 Waingereza Paul na Rachel Chandler, waliotoka Shelisheli wakielekea Tanzania, walitekwa na maharamia wa Kisomali na wakashikiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Baada ya hapo hori zetu zilikaa karibu tupu kwa miaka. Mwanzoni mwa 2023 mashirika ya meli yaliondoa eneo hatari lililotangazwa Bahari ya Hindi, yoti zikaanza kurudi, kisha mwishoni mwa mwaka huohuo utekaji wa meli ukazuka tena kaskazini. Habari hizo hutafutwa upya kabla ya kila safari.

Nani atasikia ukiita

Redio ya VHF husafiri mstari mnyoofu. Kati ya boti na boti husikika maili 20 hivi, na chaneli ya dharura ni 16. Ukiwa maili 400 nje, hakuna wa kukusikia ila meli inayopita. AIS hukuonyesha meli hiyo na kuionyesha wewe, jina na mwelekeo, na kwa watu wawili wanaopeana zamu za saa tatu usiku sijui kifaa cha elektroniki kinachostahili bei yake kuliko hiki.

EPIRB ndiyo ya mwisho. Ukiiwasha hupiga setilaiti kwa masafa ya megahezi 406, na betri yake hudumu angalau saa 48. Ujumbe hupelekwa kwenye kituo cha uokozi. Kwa bahari yetu ni kile cha Mombasa kilicho chini ya KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini ya Kenya, ambacho husimamia eneo kubwa zaidi ya maji ya Kenya. Ila kifaa hicho kina namba ya nchi ndani yake. Ukinunua yoti kwa Mfaransa bila kubadilisha usajili, siku unapozama simu ya kwanza italia Ufaransa, kwa mtu aliyekwisha kuiuza na pengine amelala.

Makaratasi yana mtego wa namna hiyohiyo. Yoti ya mgeni huwa imeingia nchini kwa kibali cha muda. Ikiuzwa kwa Mkenya inadaiwa ushuru, na bei nzuri uliyoisoma haikuuhesabu. Anza na ofisi ya forodha kabla ya kutoa hata amana.

Ukifika hapo na bado unaitaka, omba kulala botini usiku mmoja, betri zikiwa zimejaa. Saa kumi na mbili jioni zima sola na injini, kisha washa kila kitu cha safari: friji, redio, skrini, AIS, taa, intaneti. Otopailoti haichoki pakiwa shwari, kwa hiyo weka feni na taa za wati 40 badala yake. Kwa betri za lithiamu volti hazitakuambia kitu, maana husoma 13.2 karibu wakati wote. Tazama mita inayohesabu umeme unaotoka. Kwa lithiamu za Ah 400, saa kumi na mbili asubuhi inapaswa kusoma asilimia 70 hivi. Ikisoma 45, kuna kifaa kinachokula kuliko alivyokueleza muuzaji. Na umeme ukijizima saa nane za usiku huku mita bado inasoma 80, betri zimechakaa, na mita inahesabu uwezo ambao haumo tena.